Mchungaji Tiyo Soga na Urithi wa Watoto Wake

Katika historia ya makanisa ya Afrika kuna desturi ya kuwahesabu watu kwa kutangulia kwao: huyu alikuwa wa kwanza kubatizwa, yule wa kwanza kuwekewa mikono, na mwingine wa kwanza kuvuka bahari kwenda kusoma. Tiyo Soga, Mxhosa wa Afrika ya Kusini, aghalabu hutajwa kwa desturi hiyo, maana ndiye Mwafrika wa kwanza wa nchi yake aliyesoma katika chuo kikuu huko Uskoti na kuwekewa mikono kuwa mchungaji wa Kipresbiteri, tarehe 23 Desemba, 1856. Sifa hiyo ni ya haki, walakini ni sifa nyembamba. Mtu aweza kuwa wa kwanza kwa bahati tu. Katika maelezo haya nakusudia kumtazama Soga kwa upande mwingine: kama mtu aliyetakiwa achague baina ya kanisa lake na watu wake, akakataa kuchagua, na kukataa huko kukamletea taabu pande zote mbili.

Kwetu Afrika ya Mashariki habari hii si ya mbali kama inavyodhaniwa. James Stewart, aliyeongoza msafara wa Waskoti uliofika Kibwezi mwaka wa 1891, msafara ambao ndio asili ya kanisa la Kipresbiteri nchini Kenya, alitoka Lovedale, shule ile ile aliyosoma Tiyo Soga. Nitalirudia jambo hili hapo baadaye, kwa sababu lina maana kubwa kuliko inavyoonekana kwanza.

Tiyo alizaliwa mwaka wa 1829 katika bonde la mto Tyhume, mpakani mwa Koloni la Rasi kwa upande wa mashariki. Baba yake, Mzee Soga, alikuwa diwani wa mfalme Ngqika, na baada ya Ngqika kufa akawa diwani wa mwanawe, Sandile. Alikuwa na wake wanane na mifugo mingi, tena husimuliwa kuwa ni miongoni mwa Waxhosa wa kwanza kulima kwa plau na kuyaelekeza maji ya mto shambani. Mama yake, Nosuthu, alikuwa mke mkuu. Yeye aliifuata dini ya Kikristo, akamwomba mumewe amwache aende akakae karibu na misheni pamoja na watoto wake, na mumewe akakubali. Basi mtoto huyu alikulia kati ya nyumba mbili: nyumba ya baraza ya mfalme, ambamo mambo ya nchi yalisemwa na kupimwa, na nyumba ya mama, ambamo sala zilisaliwa. Sidhani kuwa yaweza kufahamika maisha yake yaliyofuata pasipo kuzikumbuka nyumba hizo mbili.

Mwaka wa 1844 aliingia Lovedale, shule iliyoongozwa na Bwana William Govan. Miaka miwili baadaye vita vikazuka baina ya Waxhosa na Waingereza, vita vilivyoitwa Vita vya Shoka, na shule ikafungwa. Bwana Govan aliporudi kwao Uskoti alimchukua kijana huyu kwa ridhaa ya mama yake. Huko Glasgow kanisa la mtaa wa John Street lilijitwika gharama ya masomo yake, na tarehe 7 Mei, 1848 akabatizwa na mchungaji wa kanisa hilo, William Anderson. Mwaka wa 1849 alikuwa amekwisha rudi Afrika, akifundisha na kuhubiri chini ya mmisionari Robert Niven mahali palipoitwa Uniondale. Hata mwisho wa mwaka wa 1850 vita vingine vikaanza, vikubwa kuliko vya kwanza. Uniondale ikachomwa moto. Soga akarudi tena Uskoti pamoja na Niven, safari hii akijua anachokitaka: kusoma katika Chuo Kikuu cha Glasgow, kisha theolojia huko Edinburgh katika chuo cha Kanisa la Muungano la Kipresbiteri.

Miezi miwili baada ya kuwekewa mikono, mwezi Februari 1857, alimwoa Janet Burnside, msichana Mskoti wa Glasgow. Mwezi Julai wakashuka bandarini Port Elizabeth. Watu wa mji walisimama njiani kuwatazama: mtu mweusi aliyevaa nguo za mchungaji, akitembea bega kwa bega na mkewe mweupe. Bibi Janet hakuuinamisha uso wake. Aliishi miaka kumi na minne ya ndoa yake katika misheni za mashambani, akazaa na kulea, na waandishi wengi wamempitia upesi mno katika vitabu vyao.

Nchi aliyoirudia Soga haikuwa ile aliyoiacha. Mwaka wa 1853 maradhi ya mapafu ya ng'ombe yaliingia Koloni la Rasi kwa ng'ombe walioletwa na meli kutoka Ulaya, yakaenea hata kwa Waxhosa. Katika mwaka wa 1856 msichana aitwaye Nongqawuse, aliyekaa karibu na mto Gxarha, alitoa habari kwamba amesema na wazee waliokufa, nao wameamuru ng'ombe wote wauawe na nafaka yote iharibiwe, ili wafu wafufuke na ng'ombe wapya wazima waitokeze nchi. Watu waliokwisha shindwa katika vita, wakinyang'anywa ardhi, na sasa wakiona mifugo yao ikifa bandani, walikuwa na sababu za kuamini. Wanahistoria hukadiria kuwa ng'ombe wapatao 400,000 waliangamizwa, na kwamba watu kiasi cha 40,000 walikufa kwa njaa. Wengine kwa maelfu walikwenda kutafuta kazi katika mashamba ya wazungu, na Gavana George Grey akapata nafasi ya kuigawanya nchi yao.

Hapa hapana budi kusema jambo ambalo wampendao Soga hawapendi kulisema. Katika barua alizoandika mara baada ya kurudi, aliiona misiba ile kuwa ni njia ambayo Mungu aliifungua ili Injili ipate kuingia kwa watu wake. Msomaji wa leo atalisikia neno hilo kwa uchungu. Lakini tusimhukumu mtu kwa barua za mwaka mmoja. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na minane, ametoka chuoni, anawaandikia watu waliomlipia masomo na waliotaka kusikia kwamba fedha zao hazikupotea. Yatupasa kutazama alivyoandika baadaye, alipokuwa amekwisha kaa na wenye njaa wenyewe.

Alikaa nao Emgwali. Huko ndiko alikoanzisha misheni yake mwaka wa 1857, katika nchi ya Wangqika, watu wa Sandile. Kazi ya mchungaji wa siku hizo haikuwa ya mimbari peke yake. Alijenga, alifundisha, aliwapa watu dawa, aliandika barua za wasiojua kuandika, alisuluhisha magomvi ya mipaka na ya mifugo, na siku nyingi alikuwa juu ya farasi akizunguka vijijini, ijapokuwa kifua chake kilikuwa kibovu na koo likimuuma. Baraza za wazee aliziendea kama mtoto wa diwani azijuavyo. Lakini palikuwa na doa moja machoni pa wazee hao. Tiyo Soga hakutahiriwa. Kwa Waxhosa mwanamume asiyepita katika tohara huhesabiwa mtoto, hata akiwa na mvi, na neno lake halina uzito mbele ya watu wazima. Basi huyu aliyewafundisha wazee habari za wokovu alikuwa, kwa sheria ya nchi, mvulana. Naye kwa upande wake aliwarudi vikali vijana wa misheni waliotoroka kwenda kutahiriwa. Sioni kwamba aliwahi kuushinda ugumu huo. Aliuchukua hata kufa kwake.

Pamoja na hayo, Sandile alimwamini. Mwaka wa 1860 mwana wa malkia wa Uingereza, Alfred, kijana wa miaka kumi na sita, alizuru Afrika ya Kusini, na Gavana akamtaka Sandile asafiri pamoja naye kwa meli mpaka Cape Town. Sandile akaogopa, na hofu yake ilikuwa na msingi: wafalme wenziwe walikuwa wamekwisha fungwa katika kisiwa cha Robben, ambacho huonekana kutoka bandari hiyo hiyo. Akakubali kwenda kwa sharti kwamba Tiyo Soga aende naye. Soga akaenda. Hapo twaona mchungaji akitumika katika kazi ambayo hakuna kanisa lililompa: kuwa dhamana ya uhai wa mfalme wake mbele ya serikali.

Mwezi Agosti 1862 gazeti la Indaba lilianza kupigwa chapa huko Lovedale, sehemu kubwa kwa Kixhosa. Katika toleo la kwanza kabisa palitokea makala ya mwandishi aliyejiita Nonjiba Waseluhlangeni, yaani njiwa wa taifa. Ndiye Soga. Aliwaambia wasomaji kwamba gazeti ni chombo kizuri cha kuhifadhia mambo yaliyokuwa yakipotea: hadithi, ngano, desturi, visa vya wafalme, habari za vita na za koo; akawahimiza wazee wayatoe waliyo nayo yaandikwe. Tuyapime maneno haya kwa wakati wake. Wamisionari wengi wa siku hizo waliziona ngano na desturi za Waafrika kuwa ni magugu ya kung'olewa kabla ya kupanda mbegu. Mchungaji huyu aliyafikiri kuwa ni mali ya kuwekwa akiba.

Katika makala zake nyingine aliwageukia Wakristo wenyewe. Aliwakemea watu wa misheni waliowafungia milango wasafiri wasioamini, wale wenye blanketi na udongo mwekundu, kana kwamba ubatizo umewaondolea wajibu wa kumpokea mgeni. Aliwakemea kadhalika Wakristo waliowapita wafalme wa nchi pasipo kuwaamkia kwa heshima iliyowastahili. Na aliandika juu ya madeni, jinsi watu walivyokopa madukani vitu wasivyovihitaji hata wakafungwa na deni kama mtu afungwavyo kamba. Mimi naona makala hizi fupi zina thamani kuliko mahubiri yake mengi yaliyosifiwa huko Uskoti. Ndani yake Ukristo hauonekani kuwa nguo ya kigeni. Waonekana kuwa ni hesabu ambayo mtu wa nyumbani anawadai watu wa nyumbani: mmepewa nini, na jirani yenu amepata nini kwenu?

Twafika sasa kwenye jaribio lililo kubwa kupita mengine. Mwanzoni mwa mwaka wa 1865 mmisionari John Aitken Chalmers aliandika katika Indaba juu ya mwisho wa taifa la Waxhosa. Hakuwa mgeni kwa Soga. Baba yake ndiye aliyekuwa mwalimu wa Tiyo utotoni, na wawili hao walikuwa wenzi katika kazi. Bwana Chalmers alisema kwamba Waxhosa ni wavivu, hawataki elimu wala kazi, na kwamba kwa hali hiyo watatoweka duniani kama walivyokuwa wakitoweka wenyeji wa Marekani. Wakati huo huo serikali ilikuwa ikiwataka watu wa Sandile wahame ng'ambo ya mto Kei na kuiacha nchi yao. Basi neno la kwamba taifa litakufa lilikuwa zaidi ya neno la kitabuni. Kama watu hawa ni wa kufa tu, ardhi yao ina haja gani ya kulindwa?

Soga alijibu mwezi Mei katika gazeti la Kiingereza la King William's Town, lililosomwa na wazungu wa jimbo zima. Hakulitia jina lake mwenyewe. Hoja yake yafaa ifuatwe kwa makini. Hakukana kwamba watu wake wana makosa. Alikuwa amekwisha yaandika hayo mwenyewe kwa Kixhosa, mbele ya watu wake. Aliuliza kwanza ni lini taifa lilipopewa nafasi ya kutosha ya kujifunza, hata lihukumiwe kwamba limeshindwa. Halafu akautazama uso wa bara zima. Akasema mtu mweusi amekuwako tangu siku za wana wa Hamu. Ameona wafalme wengi wakiinuka na kuanguka. Amechukuliwa utumwani na Wareno, na Wahispania, na watu wa Marekani, akaonja pombe yao na maradhi yao, asitoweke. Huko Marekani kwenyewe, ambako vita vya kukomesha utumwa vilikuwa vinakwisha mwezi ule ule, watu weusi walikuwa wanatazamia uhuru. Na akaushika mstari wa Zaburi ya 68 unaoitaja Kushi ikinyosha mikono yake kwa Mungu, akauliza itanyoshaje mikono ikiwa imekwisha kufa.

Yaweza kusemwa kwamba hoja ya Zaburi si hoja ya historia. Ni kweli. Lakini angalieni alipoisimamisha miguu yake. Chalmers alizungumza habari za Waxhosa peke yao, kabila moja la mpakani lililovunjika. Soga alimjibu kwa habari za watu weusi wote, kutoka Rasi mpaka Misri na kuvuka bahari, akiwahesabu kuwa ni jamaa moja yenye historia moja. Mwaka wa 1865 fikra hiyo ilikuwa adimu. Ndiyo maana baadhi ya wanazuoni, hasa tangu Donovan Williams alipoyakusanya na kuyatoa maandishi yake mwaka wa 1983, humtaja miongoni mwa mababu wa fikra za umoja wa Waafrika. Nami sioni sababu ya kulipinga hilo, ila ningependa ikumbukwe kwamba aliifikia fikra hiyo akiwa mchungaji na kwa Biblia mkononi, wala hakuifikia kwa kuitupa.

Kuna kinyume cha ajabu katika habari hii. Aliyeandika kitabu cha kwanza cha maisha ya Soga, mwaka wa 1877, ni John Aitken Chalmers huyo huyo. Ni kitabu cha upendo, na pasipo hicho tungalikosa mengi. Walakini kilimchora Soga kuwa mfano wa mtu aliyetengenezwa na misheni, na kwa muda wa miaka mia picha hiyo ndiyo iliyoonekana zaidi.

Mwaka wa 1866 aliikamilisha tafsiri ya Kixhosa ya sehemu ya kwanza ya kitabu cha John Bunyan, kile ambacho wasomaji wa Kiswahili wakijua kwa jina la Safari ya Msafiri. Wajuao Kixhosa huisifu lugha yake hata leo, na kwa vizazi vingi kilisomwa majumbani karibu na Biblia. Kadhalika alitunga nyimbo za kanisa. Mmoja, Lizalis' idinga lakho, unaomwomba Mungu aitimize ahadi yake, uliimbwa Bloemfontein tarehe 8 Januari, 1912, wakati wajumbe walipokutana kuanzisha chama kilichokuja kuitwa African National Congress.

Mwaka wa 1868 alihamia Tutura, ng'ambo ya Kei, katika nchi ya mfalme Sarhili, akaanza upya kazi ya kujenga na kufundisha, na afya yake ikazidi kudhoofika. Wakati huo mabadiliko yalikuwa yanatokea Lovedale. Bwana Govan alishikilia kwamba Mwafrika na mzungu wafundishwe darasa moja na masomo yale yale, Kilatini na Kiyunani pamoja. James Stewart aliona kuwa hayo ni ya wachache mno. Alitaka watu wengi wapate elimu ya msingi na kazi za mikono. Mwaka wa 1870 Govan akajiuzulu, Stewart akashika mahali pake. Miaka ishirini na mmoja baadaye, Stewart alipofika Kibwezi, misheni aliyoianzisha iliitwa ya viwanda na kazi. Twaweza kusema basi kwamba Afrika ya Mashariki ilipokea mche wa Lovedale ya Stewart, wala si wa Lovedale iliyomlea Soga. Wachungaji wa kwanza Waafrika wa misheni ya Waskoti nchini Kenya waliwekewa mikono mwaka wa 1926, yaani miaka sabini baada ya Soga. Sisemi kwamba sababu ni hiyo peke yake. Lakini mwanafunzi wa historia ya elimu atafanya vema akiyatazama mambo hayo mawili kwa pamoja.

Mwaka huo huo wa 1870 Soga aliwapeleka wanawe Uskoti kusoma. Kabla ya safari aliwaandikia kitabu kidogo cha mkono, chenye maagizo sitini na mawili, akakiita urithi wa watoto wake. Hakuwa na mali nyingine ya kuwarithisha. Watoto hawa walikuwa na mama Mskoti na baba Mxhosa, na katika nchi yao njia rahisi ilikuwa kujisogeza upande wa wenye nguvu. Baba yao aliwaambia wamheshimu mama yao, mwanamke mwema na Mkristo wa kweli, na wasiuonee haya ukoo wake. Lakini mbele ya dunia wajihesabu kuwa watu weusi, wasijifanye wazungu, wala wasimwonee haya baba yao Mwafrika. Aliwaagiza pia washikamane, wasaidiane katika biashara na kazi, na wawainue watu wa rangi yao. Maagizo mengine ni ya kawaida, kama baba yeyote awezavyo kuwaandikia wanawe: kushika wakati, kulipa deni, kutosema ovyo. Nayapenda hayo ya kawaida pia, maana yaonesha kwamba yale makubwa aliyaandika kwa sauti ile ile, kama jambo la nyumbani.

Alifariki Tutura tarehe 12 Agosti, 1871, kwa maradhi ya kifua, akiwa na umri wa miaka arobaini na miwili. Miaka saba baadaye Sandile aliuawa katika vita vya mwisho vya mpaka, na misheni nyingi zikawa katika nchi iliyotekwa.

Wanawe walirudi. William Anderson akawa mganga na mmisionari. Jotello Festiri alihitimu Edinburgh mwaka wa 1886, akawa Mwafrika wa kwanza wa Afrika ya Kusini kuwa mganga wa mifugo, na akapigana na sotoka iliyowaangamiza ng'ombe wa nchi katika mwaka wa 1896 na uliofuata: mwana wa watu walioharibiwa na kifo cha ng'ombe, akifanya kazi ya kuwaokoa ng'ombe. Allan Kirkland aliongoza gazeti la Izwi Labantu na kuingia katika siasa. John Henderson akawa mchungaji kama baba yake, akaandika historia ya Waxhosa kutoka katika masimulizi ya wazee, ile kazi ambayo Nonjiba aliwaomba wasomaji wa Indaba waifanye. Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1930. Ndiye pia aliyekitwaa kitabu cha Bunyan mahali baba yake alipokiachia, akaifasiri sehemu ya pili kwa Kixhosa.